Kutoka Simanjiro hadi Geneva: safari ya mjumbe kijana, siku kwa siku

Kila Julai, kwa siku tano, Jopo la Wataalamu wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wa Asili hukutana Geneva, Uswisi. Wajumbe hulifahamu kwa kifupi chake, EMRIP. Lina wataalamu saba, mmoja kutoka kila kanda ya dunia, na kazi yake ni kulishauri Baraza la Haki za Binadamu. Lilianzishwa mwaka 2007, mwaka uleule ambao Azimio la Haki za Watu wa Asili lilipitishwa kwa kura 144. Tanzania ilipiga kura ya ndiyo. Kenya na Burundi zilijizuia.

Safari inayofuatwa hapa ni ya vijana wawili wa jamii ya wafugaji, wa kike na wa kiume, wanaotoka Simanjiro, Tanzania. Kwa Mhadzabe wa Yaeda au Muogiek wa Mau, Kenya, karatasi zitabadilika kidogo, lakini mambo yanayokwamisha ni yaleyale. Tunaanza mbali, kwa sababu wengi hukwama kabla hata hawajaiona ndege.

Siku 150 kabla: kikao cha rika

Swali la kwanza ambalo kijana ataulizwa Geneva ni nani kamtuma. Ibara ya 18 ya Azimio inasema watu wa asili wana haki ya kushiriki katika maamuzi yanayogusa haki zao kupitia wawakilishi waliowachagua wenyewe, kwa taratibu zao wenyewe. Kwa Wamaasai utaratibu upo tayari: rika lina laigwanani wake, yaani kiongozi wa kimila, na rika la vijana hukaa likaamua. Kikao hicho ndicho kimtume mjumbe. Barua ya mkurugenzi wa shirika mjini haiwezi kuchukua nafasi yake.

Kinachotakiwa ni muhtasari wa ukurasa mmoja au miwili: tarehe, mahali, idadi ya waliohudhuria, jambo moja walilokubaliana lipelekwe, jina la mjumbe, na siku atakayorudi kutoa taarifa. Wanaojua kusoma watie saini, wasiojua waweke dole gumba, kisha mtendaji wa kijiji agonge mhuri. Watu wengi huandika mambo sita kwa kuogopa kuacha la mtu nje. Mambo sita hayasemeki kwa dakika tatu.

Wasichana hawamo katika rika. Bila kikao chao, ambacho mara nyingi hukaa pamoja na akina mama, mjumbe wa kike atakuwa amechaguliwa na wanaume, na mjumbe wa kiume atakuwa anawasemea watu ambao hakuwasikiliza. Fanyeni vikao viwili na muhtasari uwe mmoja mmoja kwa kila kikao.

Siku 120 kabla: majina matatu

Pasipoti ya Tanzania ni shilingi 150,000. Fedha hiyo hutafutwa ikapatikana. Shida kubwa iko kwenye majina. Cheti cha kuzaliwa kina jina alilotaja bibi zahanati, cheti cha shule kina jina alilolisikia mwalimu, na kitambulisho cha NIDA kina jina la tatu. Herufi moja ikitofautiana, ombi hurudishwa. Rekebisha NIDA na cheti cha kuzaliwa kwanza, kwa kiapo pale inapobidi, ndipo uombe pasipoti. Asiye na cheti kabisa ajipe miezi miwili zaidi, maana ataombwa pia vyeti au viapo vya wazazi. Vijana waliozaliwa bomani, mbali na hospitali, huishia hapahapa, na kwa kuwa hakuna orodha inayowataja, huonekana kama hawakutaka kwenda.

Siku 90 kabla: usajili, na fedha ambayo ilitakiwa iombwe mwaka jana

Usajili wa kikao hufanyika kwenye mtandao, na jumuiya ya watu wa asili huruhusiwa hata kama haina hadhi ya ushauri, yaani utambulisho rasmi ambao Umoja wa Mataifa huyapa mashirika. Huu ni mlango ambao haupatikani katika vikao vingi vya umoja huo. Jina lijazwe kama lilivyo kwenye pasipoti, kwa sababu beji hutolewa kwa kulinganisha hayo mawili.

Nauli ndiyo ngumu. Upo Mfuko wa Hiari wa Umoja wa Mataifa kwa Watu wa Asili, ulioanzishwa mwaka 1985, unaolipia tiketi na fedha za kujikimu. Maombi hufungwa miezi mingi kabla ya kikao, kwa hiyo anayeanza kuulizia Mei kwa ajili ya Julai amechelewa mwaka mzima. Fomu hazipo kwa Kiswahili. Sehemu inayowaangusha vijana ni ile inayouliza utafanya nini ukirudi. Jibu la "nitaelimisha jamii" wameliona mara nyingi mno. Andika vijiji kwa majina, idadi ya vikao, na tarehe. Muhtasari wa rika mnao tayari, muuambatishe.

Siku 45 kabla: viza

Maombi ya viza ya Schengen, ambayo ndiyo ya kuingilia Uswisi, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari hadi siku 15 kabla. Kwa kawaida majibu huchukua siku 15, lakini yanaweza kwenda hadi 45, na Julai ni msimu wa watalii. Pasipoti iwe na muda wa angalau miezi mitatu baada ya tarehe ya kutoka Ulaya na kurasa mbili tupu. Bima ya safari isipungue euro 30,000. Mtu mzima hulipa euro 90, na ombi likikataliwa fedha hairudi.

Wanachokitafuta maofisa ni ushahidi kwamba utarudi nyumbani. Mwajiriwa hupeleka hati ya mshahara. Kijana mfugaji ana ng'ombe ishirini, mke au mchumba, na wadogo zake anaowasomesha, lakini hayo yote hayana karatasi. Yatengenezee karatasi: barua ya mtendaji ikitaja idadi ya mifugo na makazi, taarifa ya akaunti ya simu ya miezi sita, barua ya chuo kama anasoma, uthibitisho wa usajili wa kikao, barua ya mfuko ikionyesha nani analipa, na ule muhtasari ukiwa umetafsiriwa kwa Kiingereza. Sentensi ya muhtasari inayotaja siku ya kutoa taarifa kijijini ndiyo ushahidi wa kurudi. Barua zinazopingana zinaua ombi: moja inasema siku saba, nyingine siku kumi na nne.

Siku 10 kabla: dakika tatu

Muda wa kuzungumza ni dakika tatu, na ukiisha kipaza sauti huzimwa. Kwa Kiingereza kinachosomwa kwa mwendo ambao mkalimani ataufuata, dakika tatu ni maneno kama 300. Kiswahili hubana mambo mengi ndani ya neno moja ("walivyotuhamisha" ni neno moja tu), kwa hiyo ukurasa mmoja wa Kiswahili huvimba ukitafsiriwa. Pima kwa saa, ukisoma kwa sauti, umesimama.

Mgawanyo unaofaa: sekunde 15 za salamu na kusema umetumwa na nani, dakika moja ya jambo lenyewe likiwa na mahali na tarehe, sekunde 20 za ibara ya Azimio, na muda wote unaobaki ni wa pendekezo. Wengi hugeuza mpangilio huu. Dakika mbili na nusu huishia kwenye malalamiko, na pendekezo hukatwa na kengele. Wataalamu husikiliza kwa huruma, lakini katika ripoti wanaweza kuchukua pendekezo tu.

Angalia sentensi hii: "Tunaomba vijana wa jamii za asili washirikishwe katika maamuzi." Haina wa kuitekeleza. Nani awashirikishe, katika maamuzi gani, na mwakani tutajuaje kama alifanya? Sasa hii: "Tunaliomba Jopo lipendekeze kwa Baraza la Haki za Binadamu kwamba kila taifa, linapoleta ujumbe kwenye kikao kinachohusu watu wa asili, lieleze kwa maandishi ni vijana wangapi wa jamii hizo walishiriki kuandaa msimamo wake, na walichaguliwa na nani." Hapa kuna anayeombwa, anayetakiwa kutenda, kitendo, na kitu cha kuhesabu. Yule "na walichaguliwa na nani" mwishoni ana uzito kuliko yote, kwa sababu serikali nyingi zinaweza kuleta kijana. Kuleta kijana aliyechaguliwa na wenzake ni jambo jingine.

Ijumaa: kufunga mizigo na kuruka

Sime ibaki nyumbani. Rungu liingie kwenye begi la kukabidhi, kamwe si la mkononi, na lisipelekwe kwenye jengo la mkutano. Ngozi za wanyama pori usibebe; nyingine zinalindwa kwa mkataba wa kimataifa na zitanyang'anywa mpakani. Nyama na maziwa haviruhusiwi kuingia Uswisi kutoka huku kwetu, hata kibuyu kimoja cha zawadi. Shanga hazina shida, ila zile zenye chuma huliza mashine ya ukaguzi, kwa hiyo jipe muda.

Kutoka Kilimanjaro kuna ndege kupitia Addis Ababa na kwingineko. Beba mkononi nakala za karatasi zote za viza, maana ofisa wa mpakani anaweza kuziomba upya. Beba pia fedha ya siku mbili za mwanzo. Fedha za kujikimu za wafadhili usitegemee kuwa nazo mkononi saa ya kutua.

Jumamosi: kufika

Julai, Geneva iko nyuma ya Dodoma kwa saa moja tu. Jua huzama karibu saa tatu na nusu usiku, na wageni wengi hukosa usingizi siku ya kwanza. Soketi za Uswisi zina matundu matatu madogo ya duara. Plagi yetu ya pini tatu bapa haiingii. Nunua adapta kabla ya kuondoka, kwa kuwa simu ikizima ndiyo tamko lako, ramani na namba za wenzako zimezima.

Tramu namba 15 hufika kituo cha Nations, mbele ya lango lenye kiti kikubwa cha mbao cha mita 12 kilichovunjika mguu mmoja. Waingiao mkutanoni hawapitii hapo. Hupanda mlima kidogo hadi lango la Pregny. Liendeeni leo kwa miguu, ili Jumatatu msipotee.

Jumapili: kokasi

Kabla ya kikao rasmi, wajumbe wa watu wa asili hukaa peke yao, bila serikali. Kwa lugha ya wajumbe hizi ni kokasi: ya dunia nzima, za kanda, na ya vijana. Shirika la Docip, lililopo Geneva tangu 1978, husaidia kwa wakalimani wa kujitolea na kuhifadhi matamko yote kwenye maktaba yake.

Kokasi ya vijana ndiyo mahali pa kwanza ambapo kijana hufanya uamuzi wa kimataifa kwa mkono wake. Huchaguliwa wenyeviti wenza, huundwa kamati ya kuandika, na tamko moja la pamoja huandikwa usiku huohuo. Tamko la pamoja mara nyingi hutangulizwa kwenye orodha ya wasemaji, hivyo sentensi yako ikiingia humo imepata bima: hata kama jina lako halitafikiwa, itasomwa.

Waafrika huwa wachache chumbani na wenye Kiingereza cha haraka huwa wengi. Ukisubiri kuulizwa, utasubiri hadi mwisho. Njia inayofanya kazi ni kuingia kamati ya kuandika na sentensi iliyokwisha kuandikwa, iliyochapwa, nakala tano. Saa tano usiku, kila mtu amechoka, anayekuja na maneno tayari ndiye maneno yake hubaki.

Si kwamba vijana wamegunduliwa leo. Jukwaa la Kudumu la New York, ambalo ni chombo tofauti na hili la Geneva, lilichukua watoto na vijana kuwa mada yake mwaka 2003. Mwaka 2024, Aprili 15 hadi 26, likiongozwa na Hindou Oumarou Ibrahim, Mbororo wa Chad, mada ilikuwa kujitawala kwa watu wa asili kwa kutilia mkazo sauti za vijana. Mtoto aliyezaliwa mwaka ule wa 2003 alikuwa anatimiza miaka 21. Mada zimekuja na kupita. Viti vya wataalamu bado ni vya wakubwa. Tunaona hili kuwa kosa, na tunaona vijana wana haki ya kulisema ukumbini bila kuomba radhi.

Jumatatu: beji na ufunguzi

Ratiba imeandikwa 10:00, ambayo ni saa nne asubuhi. Tunalitaja kwa sababu kosa hili hutokea: mtu amezoea saa za Kiswahili, anaona kumi, anakuja saa kumi alasiri. Vikao huenda saa nne hadi saa saba mchana, kisha saa tisa hadi saa kumi na mbili jioni.

Fika lango la Pregny saa mbili asubuhi, na pasipoti halisi, si nakala. Foleni ya siku ya kwanza ni ndefu na jua la Julai ni kali. Ndani, kila meza ina kipaza sauti na spika ya sikioni yenye kitufe cha kuchagua lugha. Taa nyekundu ikiwaka uko hewani, na hata mnong'ono wako kwa jirani unasikika hadi kwa mkalimani.

Lugha rasmi za Umoja wa Mataifa ni sita, na Kiswahili hakimo, ingawa UNESCO iliifanya Julai 7, siku chache kando ya kikao hiki au ndani yake, kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Anayetaka kusema Kiswahili au Kimaa anaruhusiwa, mradi alete mtu wa kusoma tafsiri katika mojawapo ya lugha sita. Mwambieni mtu wa sekretarieti siku moja kabla, mfanye jaribio, na mtumieni maandishi. Pale ambapo msemaji anaongeza neno lisilo kwenye karatasi, msomaji hupotea, na ukumbi mzima husikia kimya.

Jumanne: kuitwa

Jina huitwa pamoja na matatu au manne yanayofuata. Asiyekuwepo hurukwa. Vijana wengi hupoteza nafasi kwa kwenda kunywa chai wakidhani wako mbali, kumbe watatu waliotangulia hawapo.

"Asante, Mwenyekiti," kisha umetumwa na nani, kisha jambo. Tarakimu na majina ya mahali yasome polepole kuliko mengine, maana mkalimani hawezi kuyakisia. Dakika ikibaki moja na hujafika kwenye pendekezo, ruka. Weka alama ya kalamu nyekundu kwenye karatasi pale pa kurukia.

Mwakilishi wa serikali anaweza kujibu. Mara nyingi kutoka Afrika husikika hoja kwamba Waafrika wote ni wenyeji. Usigombane nayo. Moringe ole Parkipuny, mbunge wa zamani wa Ngorongoro, alisimama mji huuhuu mwaka 1989 akaeleza hali ya wafugaji na wawindaji wa Afrika, na tangu hapo Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu imeeleza kwamba suala si nani alitangulia kufika, ni nani ametengwa kwa sababu ya namna anavyoishi. Sentensi hiyo moja inatosha.

Jumatano

Siku ya mikutano ya pembeni wakati wa chakula cha mchana. Nenda kwa mmoja, si mitano.

Alhamisi: watu wa kuonana nao

Mwandishi Maalumu wa haki za watu wa asili (si mwanahabari, ni mtaalamu huru wa Umoja wa Mataifa) tangu 2025 ni Albert Barume, mtoto wa Kongo. Hupokea taarifa za ukiukwaji na anaweza kuiandikia serikali. Apewe karatasi mbili: nani, wapi, lini, nini kilitokea, nini kinaombwa, na kama waathirika wameridhia majina yatajwe. Kijana asiye na ridhaa hiyo asitaje majina, hata kama kila mtu kijijini anayajua.

Ukipigwa picha kwa namna ya kukutisha, au ndugu akipigiwa simu nyumbani, liandike papo hapo na saa yake, ulipeleke sekretarieti. Katibu Mkuu hutoa ripoti kila mwaka kuhusu watu wanaoandamwa kwa kushirikiana na Umoja wa Mataifa.

Jioni, shuka ziwani hadi Palais Wilson, jengo lililokaliwa kwa miaka mingi na ofisi ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa. Hapo kwanza lilikuwa la Shirikisho la Mataifa, mtangulizi wa Umoja wa Mataifa. Mwaka 1923 alikuja Geneva Deskaheh, chifu wa Wahaudenosaunee, watu wa asili wa Amerika Kaskazini, akitumia pasipoti ya watu wake, kuomba asikilizwe. Hakupewa nafasi.

Ijumaa: mapendekezo

Jopo hujadili mapendekezo kwa Baraza, na wataalamu saba pekee ndio wanaoandika. Kazi ya leo ni kumfikia mtaalamu wa kanda ya Afrika na sentensi yako kwenye karatasi, ukimwonyesha kwamba imo pia katika tamko la pamoja la vijana. Kisha piga nakala mbili zaidi, kwa ujumbe wa Mexico na wa Guatemala, ambazo kwa desturi ndizo huandaa azimio la Baraza kuhusu watu wa asili kila Septemba. Hatua hii husahaulika sana, kwa kuwa watu huwa wameshaanza kununua chokoleti.

Baada ya kurudi: kijijini

Kikao cha taarifa kifanyike tarehe ileile iliyoandikwa kwenye muhtasari. Someni tamko lenyewe kwa Kimaa, onyesheni risiti, semeni jina halikuitwa kama halikuitwa. Wazee watauliza ni lini mambo yatabadilika. Jibu la kweli ni mfano wa Waogiek wa Mau: shauri lao la kufukuzwa msituni lilifika Tume ya Afrika mwaka 2009, likaingia Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, 2012, hukumu ikatoka Mei 26, 2017, na amri ya fidia Juni 23, 2022. Aliyekuwa na miaka 12 shauri lilipoanza alikuwa na 25 siku ya fidia. Wazee walioanza nalo, wengine hawakuliona mwisho wake.

Septemba na baada yake

Ripoti ya Jopo ikitoka, tafuteni sentensi yenu, hata ikiwa imebadilishwa maneno, na nakilini namba ya aya. Namba hiyo ndiyo itakayoandikwa kwenye barua kwenda wizarani na kubandikwa kwenye ubao wa ofisi ya kijiji. Kama haimo, linganisheni na zilizoingia mwone zilivyoandikwa.

Ukurasa wa mwisho wa daftari la safari una mistari miwili: tarehe ya kufungwa kwa maombi ya mfuko kwa mwaka unaofuata, na jina la kijana mwingine, ambaye wiki hii anaanza kufuatilia cheti chake cha kuzaliwa.